Siku Moja Kando ya Mto Lukaya: Wamama Tuliokuta Wamama Wengine



Wengi kati yetu tulizaliwa mbali na Kinshasa: Bukavu, Kindu, Kalemie, Kisangani, Lubumbashi. Tulifika hapa kwa kufuata kazi ya bwana, kwa ajili ya masomo ya watoto, au kwa kukimbia vita. Watoto wetu wadogo wamezaliwa hapa hapa. Wanakua kati ya ukuta wa parseli na barabara yenye magari. Tembo wanamjua kwa picha ya kitabu, na mto kwao ni mfereji uliojaa chupa za plastiki. Ndiyo maana chama kilikubali ombi ambalo wamama walikuwa wakilirudia tangu mwaka jana: kuwapeleka watoto siku moja mahali penye miti, maji yanayotembea na wanyama, bila kwenda mbali na bila kumaliza franga za nyumba.

Siku ya Jumamosi tulikuwa wamama 22 na watoto 31 katika bisi mbili za kukodi. Kila mama alitoa mchango kidogo kidogo kwa miezi mitatu, na wale ambao mambo yalikuwa magumu walisaidiwa na kasha la chama. Tuliondoka saa kumi na mbili ya asubuhi, kabla barabara haijajaa. Tulipopita Kimwenza lami ikaisha, mchanga ukaanza, hewa ikawa baridi, na watoto waliokuwa wakigombania dirisha wakanyamaza wenyewe.

Hapa tunawapa yale tuliyoyaona na kujifunza. Tutawapa pia mabishano yaliyotokea kati yetu, kwa sababu ndiyo yaliyotupa faida kuliko yote.

Mahali padogo penye kazi kubwa

Lola ya Bonobo iko kusini mwa Kinshasa, katika komini ya Mont-Ngafula, kwenye maporomoko madogo ya mto Lukaya. Kwa Kilingala, lola ni mbinguni au paradiso. Eneo lake ni hekta 30 hivi. Ni padogo sana ukilinganisha na mbuga ya Salonga, yenye kilometa za mraba zaidi ya 33,000. Lakini ndani ya hekta hizo kuna msitu, kuna mabwawa, na kuna bonobo zaidi ya 60. Hakuna kituo kingine duniani kilichowekwa kwa ajili ya kulea bonobo mayatima.

Kazi hii ilianzishwa na Mama Claudine André, mzaliwa wa Ubelgiji aliyekulia hapa Congo. Katika shida za miaka ya 1990, wakati wa uporaji wa 1991 na 1993, wanyama wa bustani ya wanyama ya Kinshasa walibaki na njaa, naye akawa anakwenda kuwasaidia. Huko, mwaka 1993, alikutana na bonobo mdogo mgonjwa aitwaye Mikeno. Aliambiwa asijisumbue, kwamba bonobo hawezi kuishi akiwa amefungwa. Mikeno akapona. Mwaka 1994 kazi ikaanza rasmi, na mwaka 2002 bonobo wakahamishiwa Lukaya, ambako wako hadi leo.

Bonobo ni nani?

Katika bisi watoto wote walikuwa wakisema "tunaenda kuona makako". Mtu wa kwanza kuwasahihisha alikuwa kiongozi wa kituo. Bonobo si kima, hana mkia. Ni wa ukoo wa sokwe, ndugu wa karibu wa yule ambaye kwetu mashariki tunamwita sokomutu. Uso wake ni mweusi tangu kuzaliwa, na nywele zake zimegawanyika katikati ya kichwa kama za mtu aliyetoka sasa hivi kwa kinyozi. Wataalamu wamepima urithi wa mwili wake na wetu, wakaona unafanana kwa zaidi ya 98 kwa mia.

Jambo lililowashangaza watoto kuliko yote ni hili: katika dunia nzima, bonobo anaishi porini katika nchi moja tu, nayo ni yetu. Tena si kila mahali, ni kusini mwa mto Congo tu. Bonobo hajui kuogelea, na mto wetu ni mpana. Kwa hiyo sokomutu walibaki kaskazini na bonobo kusini, kila mmoja upande wake, kwa miaka isiyohesabika. Katika Lola maji hayo hayo yanafanya kazi ya ukuta. Sehemu moja ya mpaka ni bwawa, na sehemu nyingine ni waya wenye umeme.

Mama mmoja wa Kindu akauliza: "Basi kwetu Maniema wako?" Wako. Mbuga ya Lomami, iliyoundwa mwaka 2016 kati ya Maniema na Tshopo, ina bonobo. Katika misitu ya upande huo ndiko alikotoka pia lesula, kima ambaye wataalamu walimtangaza kwa dunia mwaka 2012, na hali wawindaji wa huko walikuwa wakimjua kwa jina hilo tangu zamani. Yule mama akacheka: "Basi bibi yangu naye alikuwa mtaalamu!"

Wamama wenye watoto wasiowazaa

Tulizunguka polepole kwa njia ya miguu. Bonobo wakubwa walikuwa wakikaa kwenye majani, wengine wakitafuna miwa, wengine wakisafishana nywele. Dume mmoja alikuja mbio akivuta tawi ili atutishe. Watoto walipiga kelele za furaha, naye akarudi akijivuna kama mtu aliyemaliza kazi.

Lakini mahali ambapo wamama walisimama bila kutaka kuondoka ni kwenye sehemu ya watoto. Pale tuliwaona kutoka mbali kidogo, kwa sababu mafua ya mtu yanaweza kumwua bonobo, na mwenye kukohoa hatakiwi kukaribia. Mama mmoja wa Congo kama sisi alikuwa amekaa chini. Bonobo mdogo alikuwa ameshika shingo yake kwa mikono miwili, na mwingine alikuwa akivuta kilemba. Mama hakushtuka. Alikirudisha kilemba kichwani, akaendelea kumpapasa yule wa kwanza mgongoni, namna ile ile tunavyowapapasa wetu ili wacheue.

Tulielezwa sababu. Bonobo mdogo hafiki Lola kwa njia nzuri. Mwindaji amemwua mama yake kwa ajili ya nyama. Mtoto ana nyama kidogo, kwa hiyo anafungwa kamba na kupelekwa kuuzwa kama kitu cha kuchezea. Wengi wanakufa njiani. Wale wanaookolewa wanafika na vidonda vya kamba kiunoni, na wengine na alama za panga. Maziwa na dawa wanapewa, lakini peke yake havitoshi. Mtoto aliyeona mama yake akiuawa anakataa kula, anajikunja, anakufa kwa huzuni. Kwa hiyo kila yatima anapewa mama mmoja, mwanamke anayemshika, anayemnywesha maziwa kwa chupa, anayemwogesha, anayemchekesha, tena na tena, mpaka atake kuishi. Baadaye anaingia katika kikundi cha wadogo wenzake, kisha katika kundi la wakubwa.

Bonobo akiwa na mama yake porini ananyonya mpaka miaka minne hivi. Anabebwa tumboni, kisha mgongoni. Mama yake hazai tena mpaka miaka kama mitano ipite. Hapo wamama wetu walitazamana, na mmoja akasema kwa sauti ndogo: "Hawa wanaachanisha kutupita sisi." Tulicheka, lakini hesabu yake si ya kuchekesha. Mama mmoja akipigwa risasi, ni mtoto aliye mgongoni pamoja na wote ambao angewazaa baadaye, mmoja mmoja kwa miaka mitano mitano. Msitu hauwezi kulipa deni hilo haraka.

Kazi ya Lola haiishii kwenye uzio. Mwaka 2009 kundi la kwanza lilirudishwa msituni, upande wa Basankusu katika jimbo la Équateur, mahali paitwapo Ekolo ya Bonobo, yaani nchi ya bonobo. Kundi lingine likafuata mwaka 2022. Mayatima waliokunywa maziwa kwa chupa hapa Kinshasa leo wanatafuta matunda yao wenyewe katika msitu, kwa makubaliano na watu wa vijiji vya huko.

"Na watoto wetu, je?"

Saa sita tulikaa chini ya miti kula. Kila mmoja alifungua kopo lake: wali na maharage, sombe, kwanga, samaki. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Mama mmoja, ambaye watoto wake wawili walirudishwa nyumbani mwezi ule kwa sababu ya deni la masomo, aliweka kijiko chini. Alisema: "Mimi nimefurahi kuona. Lakini niseme ukweli. Hawa wanakula ndizi na miwa kila siku, wana daktari wao, kila mtoto ana mama wa kumbeba. Na watoto wetu, je? Kule kwetu mashariki kuna mayatima wangapi wanaolala chini ya hema? Nani anawapa kila mmoja mama?"

Hakuna aliyejibu mara moja. Swali lilikuwa la haki, na watoto wakubwa walikuwa wakisikiliza.

Aliyejibu ni dada ambaye nyumbani kwake analea watoto watatu wa marehemu dada yake, waliokimbia Kivu ya Kaskazini. Alisema: "Mimi nimemtazama yule mama mwenye kilemba. Najua kazi ile. Mtoto wetu wa pili alipofika hakusema neno kwa miezi minne. Nilikuwa namweka mapajani wakati wa kuchambua mchele, bila kumwuliza kitu. Watu waliniambia ninamharibu, amekuwa mkubwa. Leo nimeona watu wenye masomo wakifanya vile vile kwa mnyama, na wanasema ndiyo dawa. Basi hata mimi nilikuwa nafanya dawa. Si kwamba wanyama wamechukua mapendo ya watoto wetu. Ni sisi ambao hatujasema wazi kwamba mtoto aliyeona mabaya anahitaji mtu mmoja wake, siyo chakula tu."

Sisi tunaofundisha tunaongeza neno hapa, kwa sababu tunaliona darasani. Mtoto aliyepitia vita au msiba mara nyingi anaitwa mvivu, mjinga au mkaidi. Anatazama ukuta, anasahau somo la jana, anapigana mchezoni bila sababu. Kabla ya kumchapa, tujiulize: huyu ana mtu wake? Mtu wake si lazima awe mzazi. Anaweza kuwa shangazi, bibi, jirani, mwalimu. Lakini awe yule yule kila siku, asiyeondoka na asiyechoka kusikiliza. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mlezi naye ni mzazi.

Yule mama wa kwanza hakusema kwamba ameridhika kabisa. Alisema: "Nimesikia. Lakini hata hivyo serikali ingetazama pande zote mbili." Nasi tunaandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu ni ya kweli.

Nyama katika kikapu

Kulikuwa na mwenzetu mwingine aliyekaa kimya siku nzima. Anauza nyama ya pori sokoni, ile ya kukaushwa kwa moshi, inayoshuka kwa mashua kutoka majimbo ya juu. Kwa nyama hiyo amelipa masomo ya watoto wanne, na mmoja amefika chuo kikuu. Wakati wa kurudi alitwambia katika bisi: "Mkono mmoja niliouona leo kwenye uzio, ulioshika waya ule, nimekwisha kuuona ukiwa mweusi kwa moshi katika kikapu cha mwanamke mwenzangu. Nilijua ni wa nini. Sikutaka kujua zaidi."

Hatukumhukumu, na tunaomba msimhukumu. Nyama ya pori ni chakula cha mababu zetu, na kwa vijiji vingi bado ndiyo nyama pekee. Lakini kuna mambo matatu ambayo kila mama anayenunua au kuuza anapaswa kuyajua.

La kwanza ni sheria. Bonobo, sokomutu na ngagi wamelindwa kabisa katika nchi yetu. Kuwaua, kuwauza wazima au wamekufa, au kufuga mtoto wao nyumbani kumekatazwa. Sheria nambari 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 kuhusu ulinzi wa viumbe inasema hivyo, na kazi ya kuisimamia mbugani iko kwa ICCN. Mtu akikuletea mtoto wa bonobo akisema "nimemwonea huruma, nunua umwokoe", usimpe franga. Franga zako ndizo zitakazomrudisha mwindaji msituni kutafuta mwingine. Toa habari kwa watu wa mazingira au kwa kituo chenyewe.

La pili ni magonjwa. Mnyama anayefanana nasi hivi anaweza kutupa magonjwa yake, na sisi kumpa yetu. Ebola ilijulikana mara ya kwanza hapa kwetu, Yambuku, mwaka 1976. Mtu wa kwanza aliyejulikana kuwa na mpox alikuwa mtoto mchanga wa upande wa Basankusu, mwaka 1970, na tumeona wenyewe jinsi ugonjwa huo ulivyorudi kwa nguvu miaka hii. Hatari kubwa iko kwa yule anayechinja, anayechuna na anayeosha nyama mbichi, na jikoni huyo ni nani? Ni mama, au binti yake. Mnyama aliyeokotwa amekufa asiguswe kabisa, hata kama njaa iko. Watoto wasicheze na mizoga ya kima wala ya panya wa pori. Nyama yoyote iive vizuri, na mikono ioshwe kwa sabuni.

La tatu ni kile tunachoweza kupika badala yake. Hapa wamama walijibu haraka kuliko kiongozi: ndakala, makayabu, samaki wa moshi, maharage, karanga, mayai, viwavi ambavyo Wakinshasa wanaviita mbinzo. Mama mmoja wa Kalemie alikumbusha kwamba kopo la ndakala ukizisaga na kuzitia katika sombe linalisha nyumba nzima, na mtoto mdogo anapata nguvu bila kujua kwamba amekula samaki.

Mto ule unafika kwetu

Mwishoni tuliteremka kwenye maporomoko. Si makubwa kama yale ya Wagenia ambayo watu wa Kisangani wanajivunia, lakini maji yanaruka juu ya mawe na kufanya moshi mweupe, na watoto hawakutaka kuondoka. Tuliwauliza: maji haya yanakwenda wapi? Mmoja akasema baharini. Ni kweli, lakini njia yake ni ndefu. Lukaya unaingia mto Ndjili, na Ndjili unaingia mto Congo. Na ni katika Ndjili ambamo Regideso inachota maji ya sehemu kubwa ya Kinshasa. Kwa hiyo maji yale ambayo watoto walikuwa wakitumbukiza miguu yanaelekea upande wa bomba zetu.

Njiani tulikuwa tumeona vilima vya Mont-Ngafula vilivyokatwa na korongo, na nyumba zikining'inia pembeni. Mchanga wa huko hauna kitu cha kuushika miti ikiisha. Usiku wa tarehe 12 kuamkia 13 Desemba 2022, mvua iliua watu zaidi ya 100 katika mji huu, na barabara ya Matadi ikakatika pale Mont-Ngafula. Aprili 2025 mto Ndjili wenyewe ulifurika, ukaingia katika nyumba za watu. Mvua inatoka kwa Mungu, lakini miti inakatwa na sisi, na mengi yanaanzia kwenye makala tunayopikia. Hatutawaambia wamama waache makala, kwa sababu wengi hatuna umeme wa kutegemea. Lakini tunaweza kuyapunguza: babula ya udongo inayoshika moto, kifuniko juu ya sufuria, maharage kulowekwa tangu jioni. Makala yatakayobaki ni franga mfukoni mwa mama, na ni mti uliobaki kilimani.

Kwa wazazi na walimu wanaotaka kwenda

Mtoto haoni kitu asichoandaliwa kukiona. Kabla ya safari, kaeni naye mumwulize anajua nini kuhusu bonobo, halafu mpeni swali moja la kwenda kulitafutia jibu. Kwetu watoto wadogo waliulizwa: "Bonobo anafanya nini kwa mikono yake?" Wakubwa waliulizwa: "Nani anaongoza, dume au jike?" Walirudi na majibu yao wenyewe. Waliona kwamba majike wanakaa pamoja na kula pamoja, na dume akileta fujo wanaungana na kumfukuza. Kijana mmoja wa miaka 13 aliuliza kama dume hana baba wa kumsaidia. Aliambiwa kwamba kati ya bonobo dume anabaki karibu na mama yake hata akiwa mkubwa, na heshima yake katika kundi inategemea mama huyo. Wavulana hawakupenda jibu hilo. Wamama walilipenda sana.

Jambo lingine tuliseme wazi, kwa sababu mtalikuta. Bonobo wanatuliza ugomvi wao kwa kukumbatiana na kwa tendo la mwili, mbele ya watu wote, bila haya. Watoto watacheka na watauliza. Usimfunike mtoto macho, wala usimkaripie. Mwambie kwa utulivu: hawa ni wanyama, ndiyo namna yao ya kufanya amani, sisi watu tuna namna zetu, na mwili wa mtu una heshima yake. Mtoto anayejibiwa vizuri leo ataleta kwako swali kubwa zaidi kesho, hatalipeleka kwa wenzake wa barabarani.

Ya kubeba: maji ya kunywa, kofia, viatu vilivyofungwa, chakula chenu, na mfuko wa kurudishia takataka. Mwenye mafua au homa abaki nyumbani, hata kama amekwisha kulipa. Chama kitamwekea nafasi ya safari nyingine. Usiwatupie wanyama chakula. Pigeni simu mapema mkiwa kundi, mjue bei na siku wanazopokea wageni. Na mwondoke asubuhi sana, kwa sababu bonobo wanapenda kivuli jua likiwa kali, nasi barabara ya kurudi tunaijua wote.

Baada ya safari, mtoto achore au aandike. Katika darasa letu msichana mmoja alichora mama mwenye watoto wawili mapajani, mmoja mwenye manyoya na mmoja asiye nayo. Hatukumwuliza maelezo.

Tulichokubaliana

Kwenye mkutano wa Jumatano iliyofuata, wamama walizungumza juu ya mwenzetu wa nyama. Yeye mwenyewe alisema hawezi kuacha biashara kwa siku moja, kwa sababu muhula wa masomo hausubiri. Lakini alisema kuanzia sasa nyama ya sokwe haitapita katika meza yake, na kwamba anataka kuingia katika biashara ya samaki wakavu na makayabu, kama atapata mtaji. Likelemba ya chama ilikuwa imepangwa imfikie mwezi wa tisa. Dada mmoja aliyekuwa apokee mwezi huu alisimama akasema wabadilishane. Ndivyo ilivyofanyika. Ni yule yule aliyeuliza "Na watoto wetu, je?"

Tulikubaliana pia kwamba kila mama anayelea mtoto asiye wake aandikwe katika daftari la chama, ili tujue ni wangapi na wanahitaji nini: masomo, nguo, au mtu wa kukaa na watoto siku moja ili mama naye apumzike. Mpaka tunapoandika, majina ni tisa. Tunajua si wote. Kuna wanaoona haya, na kuna wanaosema "ni damu yangu, siwezi kuhesabu". Dada, hatukuhesabu ili kukupunguzia sifa. Mkutano ujao daftari litakuwa mezani, karibu na chai. Njoo uandikwe, au mtume mwenzako.